Picha Iliyolala kwa Ciakuthii Mdogo

Mtaa wa Dallas, Embu
Jumatano jioni

Kwa Mama yangu mpendwa, Mwalimu Ciakuthii,

Hujambo, Mama? Magoti yanasemaje? Natumaini baridi ya Githongo imeyahurumia mwezi huu, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyokutumia unajipaka wewe mwenyewe, hujampaka tena ng'ombe. Sisi huku ni wazima, tunakula na kulala vizuri, na Kivuti anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kwamba yeye bado ndiye mkwe unayempenda kuliko wote. Nimemkumbusha kwamba una mkwe mwanamume mmoja tu, lakini hasikii.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Mama, wewe simu huipokei bila kuifungulia sauti ya nje, na kila nikitamka neno namsikia Mama Cicily akiniitikia kutoka upande wa pili wa ua. Habari niliyo nayo leo si ya Mama Cicily. Ndiyo maana nampa kaka Mithika bahasha hii, maana anapita hapa kesho akitoka kununua bidhaa za duka lake la Nchiru, akuletee mkononi pamoja na kifurushi hicho kikubwa. Akifika akichekacheka ovyo, mpe chai na umwambie anyamaze. Usimwulize chochote kabla hujafika mwisho. Na kalamu nyekundu iweke mbali kwanza. Makosa yangu ya Kiswahili utayasahihisha nikija.

Sasa nianze na ile kazi uliyonipa. Ulisema nyumba mpya ya mawe haitaombewa na mchungaji kabla ile picha yako haijatundikwa ukutani, ile aliyokupiga marehemu Baba kwa kamera ya kuazima. Nilikuitikia haraka, nikakuambia usiwe na wasiwasi. Ile ya karatasi iliharibiwa na mvua iliyovuja kwenye nyumba ya zamani, lakini nilikuwa nimeipiga kwa simu kabla, nikaihifadhi kwenye maktaba yetu ya picha. Maktaba hiyo ni yetu sote: nikiweka picha kwenye kompyuta yangu hapa Embu, Mithika na mkewe Makandi wanaiona kwenye simu zao kule Nchiru, nao wakiweka yao naiona mimi. Kwa hiyo sikuwa na shaka hata kidogo. Kumbe!

Kompyuta yetu ilikuwa imeomba siku nyingi isasishwe mfumo wake, nami nilikuwa naiambia ingoje. Nikatoka kwenda sokoni, huku nyuma Kivuti akaikubalia. Niliporudi alinipokea mlangoni akitabasamu, akaniambia sasa tuna kompyuta mpya bila kununua mpya. Kweli ilikuwa inameremeta. Nikafungua maktaba ya picha nianze kutengeneza yako, nikakuta tupu. Hakuna harusi yetu, hakuna Krismasi, hakuna wewe, hakuna Baba. Kivuti alisema labda zimeenda kupumzika. Nikamnunia.

Nilimpigia Mithika. Alinieleza kwamba mfumo mpya mara nyingine humtoa mtu kwenye akaunti yake bila kumwambia, basi niingie tena kwa pasiwadi. Pasiwadi yenyewe nilikuwa nimeisahau, tukahangaika nayo mpaka viazi vikaungua. Nilipoingia, zikatokea picha za kijivu tupu, vijisanduku visivyo na kitu ndani, na maandishi kwamba usawazishaji umesimama, yaani picha hazisafiri tena kati yetu. Kivuti akashauri tufute vyote tuanze upya. Alikuwa tayari ameshika kipanya! Mithika alipiga kelele kwenye simu kwamba asithubutu, kwamba maktaba ya pamoja ukifuta huku imefutika na kule, na ile picha haina pacha popote duniani. Kivuti alikiachia kile kipanya, akarudisha mikono mfukoni na hakuitoa tena.

Shida ikaonekana ni nafasi. Kompyuta ilikuwa imejaa filamu za mieleka za mkweo mpendwa, picha hazikuwa na mahali pa kushukia. Alizitoa moja moja huku akiziaga kwa majina. Jumapili tukaiacha imeunganishwa na umeme na waifai, tukaenda kanisani. Mungu anisamehe, mahubiri sikuyasikia, nilikuwa naombea kompyuta. Tuliporudi zilikuwa zimerudi zote, zimejipanga. Nilimkumbatia Kivuti hata nikasahau kwamba nilikuwa nimemnunia.

Lakini yako haikuwepo. Nikatafuta kwa jina, nikaandika Ciakuthii, nikaletewa mtoto wa Mithika: Ciakuthii amejipaka uji, Ciakuthii ameketi kwenye beseni, Ciakuthii anamvuta paka mkia. Nikafunga. Nikajaribu tena, Mithika naye akajaribu kwenye simu yake, uji ule ule. Nikamwambia Kivuti basi, imekwenda, na nikalia, Mama, nikalia kwa sauti. Sikuwa nalilia picha peke yake. Nilikuwa naliona lile pengo ukutani kwako, na wewe ukijifanya hujali.

Kivuti alivuta kiti akaanza kumtazama yule mtoto, picha baada ya picha, akishuka chini. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Ghafla akapiga ukelele nikadhani amepigwa na umeme, nikatoka mbio na mwiko mkononi. Chini kabisa, baada ya uji wote na paka wote, ulikuwa umeketi wewe.

Unaona kilichotokea? Mfumo wa zamani ulikuwa unawatenga, wewe na mjukuu wako. Huu mpya uliposoma picha zote upya, ukakuta watu wawili wenye jina moja ukawafanya mtu mmoja, ukaweka picha mpya juu na za kale chini. Na sisi ndio tuliouambia. Kwetu mtoto akibeba jina la nyanya yake tunasema ndiye yeye, tunamsalimia kwa heshima na uji wake mdomoni. Mashine ikatuamini, basi. Mimi nikiona mtoto nilikuwa nafunga, wala haikunijia kushuka chini kukutafuta.

Nilikaa nikaitazama sana. Umekalia lile jiwe kwenye shamba, kabla hamjajenga hata choo, kikapu cha kahawa miguuni, unamcheka Baba mpaka jicho moja limefumba. Na pale pembeni, kile kidole gumba chake alichokisahau mbele ya kioo cha kamera. Fundi wa picha hapa mjini aliniuliza kama akiondoe ili picha iwe safi. Nilimwambia akikigusa hatutaelewana. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye kifurushi, kubwa, na kidole chake chote.

Sasa kunja miguu vizuri, Mama, maana habari yenyewe ndiyo inaanza.

Jana Mithika alinipigia akasema kazi haijaisha. Alisema picha zote zimepona isipokuwa moja, imetokea siku hiyo kwenye simu yake ikiwa ya kijivu, giza huku na ukungu kule, haionyeshi kitu, na kwamba anaifuta isije ikaharibu nyingine. Nilipiga kelele asiiguse! Nilipiga kelele hivyo hivyo kama alivyopiga yeye. Akauliza ni picha ya nini. Nikasikia Makandi mkewe akimnyang'anya simu aitazame, halafu vigelegele, Mama, vigelegele katikati ya duka na wateja wamejaa. Mithika alikuwa bado anauliza ni nini.

Ni picha ya tumbo langu. Ilipigwa hospitalini Jumatatu, na kile kikaratasi nikakipiga kwa simu ili nikitazame hata nikiwa kazini. Nilisahau kwamba usawazishaji umeshapona, na kwamba simu yangu nayo ni ya ile maktaba.

Mama, nina mimba. Ndiyo hivyo, nimesema. Miaka yote hii watu wameniuliza, makanisani, sokoni, hata kwenye mazishi, na wewe hukuniuliza hata siku moja. Ulikuwa unanipa ndizi na maziwa tu na kunisindikiza hadi barabarani. Nilijua, na nakushukuru mpaka nashindwa kuandika. Nilipanga nikuambie mwenyewe siku ya kuombea nyumba, nikiwa nimekushika mkono. Lakini Makandi ameshajua, na sikuweza kukubali alale na furaha hii na wewe huna.

Tena kijivu kile ni cha watu wawili. Daktari amesema wote ni wasichana, na moyo wa kila mmoja nimeusikia. Kivuti alisikia pia, akaomba akae.

Basi majina unayajua. Atakayetangulia ni wa mama yake Kivuti, ataitwa Wambeti, na yule mama akijua atatembea amenyoosha shingo hapa mtaani. Atakayemfuata ni wewe. Ile mashine itachanganyikiwa kabisa, Mama: Ciakuthii wa uji, Ciakuthii wa kikapu cha kahawa, na sasa Ciakuthii wangu. Ikiniuliza kama ni mtu mmoja, nitajibu ndiyo.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani. Ukishamaliza kulia, fungua dirisha umwite Mama Cicily, sasa anaweza kusikia. Na Mithika asiondoke kabla hajashika nyundo. Apige msumari wa picha yako, na chini yake apige mingine miwili.

Ni mimi binti yako, na hawa wawili wanaonipiga mateke ya njaa kabla hata hawajawa na miguu ya kutosha,

Kinya