Ruhusa ya Kupanda Bateau

Kolwezi, tarehe 5 Mei 2025

Mpendwa binti yangu Bilkisi,

Salaam aleikum. Mi mama yako Mwanvua niko muzima, magoti tu njo inanisumbua na baridi ya asubui. Yaya yako Abibu, mutoto yangu wa kwanza, iko muzima, camion yake imetengenezwa, ameanza tena kuleta makala ya kupikia toka Mutshatsha. Bibi yake Falonne anakusalimia, tumbo yake ni ya miezi saba. Mudogo yako Yasmine anajitayarisha kwa examen d'État ya kumaliza sekondari. Tata Hamadi, ndugu ya marehemu bwana yangu, tata yako, anakohoa kidogo lakini kelele yake haipungui. Jirani mama Honorine anakusalimia sana. Na wewe, afya yako iko namna gani? Unakula? Ile baridi ya Southampton inakuachia kifua?

Mutoto yangu, nakuandikia juu ya neno nilikuambia ku telefone Alhamisi. Ulinijulisha kama bamekuchagua wewe kuwa mukubwa wa kazi mu bateau, siku makumi ine mu bahari, na banangoja jibu lako Ijumaa hii. Ukaniomba ruhusa. Mi nikasema ukipanda, usiniite tena mama. Tangu siku ile chakula hakipiti.

Sasa nisikilize muzuri. Ile neno naiondoa. Panda.

Nitakuelezea, usiseme mama ni kigeugeu. Bilkisi, mi nilikuwa nawaza kama unashuka. Ulisema kazi yako ni kujua namna mawe imelala chini ya bahari. Huku kwetu mutu wa kutafuta jiwe anafunga taa ku kichwa, anashika kamba, anashuka. Sijaona namna ingine. Tata yako alishuka vile kule Mutoshi, mayi ikaingia mu shimo, tukamutoa siku ya tatu. Wewe ulikuwa na miaka kumi. Basi kila safari yako, zote tano, nilikuona na taa na kamba, na mayi ya bahari yote juu ya kichwa yako.

Unajua desturi yetu: mutu akiwa mu shimo, nyumba yake haifagiliwi mpaka apande, asije akafagiliwa naye. Mwaka jana ulikaa mu bahari siku makumi tatu na moja. Sikugusa ufagio siku zote zile. Mama Honorine aliingia, akatazama chini, akauliza, "Mama Abibu, sasa unafuga kuku mu salon?"

Juzi Yasmine alinikuta nalia. Akafungua ile video ulimutumia. Nikaona umekaa ku kiti, umevaa chaussettes tu ku miguu, kikombe ya chai mukononi, unatazama mistari ku kioo ya ordinateur.

"Sasa anashuka saa ngapi?" nikauliza.

"Mama, yaya hashuki. Ni sauti njo inashuka. Bateau inapiga sauti, inagonga mawe kule chini, inarudia juu, yaya anasoma."

Nikamuambia arudishe mwanzo. Tuliangalia mara ine, kilio ikageuka kicheko. Miaka kumi, Bilkisi, nilikuwa nakuombea utoke mu shimo haukuingia hata siku moja.

Tata Hamadi akasikia kicheko yangu, akakuja na maneno yake. Eti mwanamuke akikaribia carrière, kule banachimba mawe, jiwe inakimbia, na mu bahari ni vile vile. Tena ukiona cobalt kule, sisi wa Kolwezi tutakula nini? Nikamujibu: "Shemeji, kama jiwe inamukimbia Bilkisi, basi cobalt yako iko salama. Chagua moja." Akaomba chai.

Batu balisema mingi juu yako. Ulipotoka Lubumbashi na diplôme ya géologie, balisema sasa utaolewa na kazi imeisha. Ukapata bourse ya kusoma Uingereza, ukaenda bila Kiingereza ya kuomba hata chumvi. Ukamaliza doctorat, ukafundisha batoto ya Bangereza, bakakupa na passeport yao. Leo bateau nzima, batu makumi tano, bangoje neno lako, halafu mi njo nikuzuie? Hapana.

Ukifika mule, usiogope kuamuru banaume bazee. Amuru na heshima, lakini mara moja, vile unaambiaka Abibu atoe viatu mbele ya kuingia. Muulize kapiteni kibla iko upande gani, maana bateau inageuka. Na ulale. Mukubwa mwenye usingizi anaua batu.

Neno la kukataza nililisema na kinywa. La kuruhusu nataka ubaki nalo mukononi, njo sababu naandika. Yasmine atapiga picha ya karatasi hii, akutumie leo.

Abibu, Falonne, Yasmine na mama Honorine banakusalimia. Tata Hamadi naye, anasema salamu tu, yale mengine anaficha. Mungu akutangulie mbele na akulinde nyuma, mayi ikubebe kama mugongo wa mama.

Mama yako anayekubeba moyoni,
Mwanvua

Mutoto yangu, leo ni Jumatatu, Ijumaa haiko mbali. Ukimaliza kusoma, jibu kwanza bale bakubwa yako: ndiyo. Kisha uniandikie mi mbiyo, siku hii hii, hata mustari moja, nijue kama haujakataa juu yangu.