Ngamia wa Dubai Alikuwa Anachechemea

Mayu, mama yangu, shikamoo. Dubai ni vioo mpaka mawinguni, na joto lake ni kama kuinamia chungu cha wali. Mwanao nishauzoea mji. Naelekeza hadi wageni, na wengine wanafika.

Ulisema huji, utaaibika, wewe mtu wa ng'ombe. Basi sikia. Jana nimeona ngamia wa watalii anachechemea. Mwenye ngamia, mzee mmoja, anabisha: "Mzima huyu." Nikamkagua unyayo, nikachomoa kipande cha chupa. Mzee akaniketisha kwenye zulia lake, akanipa tende.

"Nani kakufundisha?"

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: "Mama yangu, kule kijijini Kasansa."

"Mlete."

Kapige picha ya pasipoti, Mayu. Nafasi yako kwenye zulia ipo. Uje na michembe, vile viazi vyetu vikavu.