Nilifuta meseji za lori, sasa mume wangu anaona kwa jicho moja

Shikamoo Mama Ikram. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa ukinihukumu sitakuwa na la kujitetea, kwa sababu hili ninalokuandikia sijamwambia mtu hata mmoja, si mama yangu, si dada yangu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na sita, naishi Handeni mjini na mume wangu Sufiani, ambaye namwita Baba Maryamu. Yeye ni dereva, na lori analoendesha ni letu wenyewe, tulilinunua jipya Dar mwaka juzi baada ya kuuza shamba la machungwa tulilorithi kwa baba yake, na siku ya kulichukua alikwenda na rafiki yake Adamu wa Mazinde, wakanunua malori mawili yanayofanana mpaka rangi, wakarudi wanafuatana wanapiga honi, mtaa mzima ukatoka nje kuangalia. Sasa pale walipojaza fomu Baba Maryamu aliandika namba yake ya zamani, ambayo laini yake iko kwenye simu ndogo inayobaki nyumbani, simu ninayoitumia mimi, na yeye anatembea na simu nyingine kubwa, na laiti angeandika ile nyingine nisingekuwa nakuandikia leo.

Mwezi wa pili mwaka huu simu ndogo ikaita nikiwa napepeta mahindi. Sauti ya mwanamke, laini, ya mjini. "Naomba kuongea na Sufiani." Nikamuuliza wewe nani. "Mwambie ni Alisha, wa Dar." Mama Ikram, sikusubiri aseme la pili, nikakata. Lazima nikuambie kwamba miaka sita iliyopita Baba Maryamu alikuwa na mwanamke Mombo, nikajua kwa simu hivyo hivyo, wazee wakakaa, yakaisha, nikasema nimesamehe, lakini tangu siku ile nikisikia mwanamke anamtaja mume wangu kwa jina lake bila hata kusema "bwana", mwili wote unapata moto. Alisha akapiga tena kesho yake, akapiga na wiki iliyofuata, nikaifungia ile namba isiingie tena. Zikaanza meseji kutoka namba nyingine. Ya kwanza nikaifuta bila kuifungua. Ya pili vilevile. Ya tatu nikaifungua, nikaona neno injini, nikaona neno usalama, nikaona wametaja malori yote ya toleo lile, na moyo ukaniambia kabisa Zamda hili si la mapenzi, lakini nikawaza nikimwonyesha ataniuliza mbona namba ya watu imefungiwa, tutarudi kwenye ugomvi wa Mombo, nikaifuta nayo. Huo ndio ukweli wangu wote.

Haukupita mwezi lori likaanza kula maji. Akijaza asubuhi, jioni yamepungua, na ukifungua oili unaikuta imekuwa kama chai ya maziwa. Akalipeleka kwa Mwinjuma, fundi wetu wa siku zote, gereji yake iko njia ya mnadani. Mwinjuma akasema gasketi inavuja, ile inayokaa katikati ya injini na kifuniko chake ili maji na oili visikutane, akanunua mpya Korogwe kwenye duka la Pritesh, akaifunga. Baada ya wiki tatu maji yakaanza kupungua tena. Siku hiyo nilikuwa nimewapelekea chakula pale gereji, na nilimsikia Mwinjuma kwa masikio yangu akisema, "Sufiani, hili si la gasketi peke yake. Gari jipya halifanyi hivi. Wapigie waliokuuzia." Baba Maryamu akacheka, akasema, "Fundi akishindwa anasingizia kiwanda." Mimi nikasimama pale nimeshika hotipoti, nikanyamaza.

Wiki tano zilizopita akapakia mahindi Kang'ata kuyapeleka Korogwe. Alipopita Sindeni geji ya joto ikapanda mpaka mwisho, moshi mweupe ukatoka, injini ikalia kama chuma kinachosagwa, ikazima, na haijawaka tena mpaka leo. Akashuka, akasubiri, akadhani imeshapoa, akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Maji yalimrukia usoni na kifuani. Watu wa bodaboda ndio waliomkimbiza hospitali Korogwe, na mimi nilipofika nilimpita kitandani, nikaenda kumtafuta kitanda kingine, mume wangu wa miaka kumi na tano, sikumjua. Aliniita yeye. Daktari anasema jicho la kushoto linaona mwanga tu.

Shemeji zangu, wakiongozwa na Hussein, kaka mkubwa, wakaenda kwa Mwinjuma mchana watu wamejaa, wakamwita muuaji, wakasema amemfungia ndugu yao gasketi feki. Mwinjuma akawaonyesha boksi la dukani, wakalichana. Toka siku ile hakuna anayempelekea gari, gereji ameifunga, sasa hivi yuko Kwamsisi analima vibarua kwenye mashamba ya watu. Na mke wake alikuja hospitali na chupa ya uji, akapiga magoti pembeni ya kitanda, akaniomba radhi kwa niaba ya mumewe. Aliniomba radhi mimi, Mama Ikram, na mimi nikaupokea ule uji.

Siku ya nne tuko hospitali ile simu ndogo ikaita kwa namba nisiyoijua, nikapokea, kumbe ni Alisha. Akasema, "Mama, samahani kwa usumbufu, mimi ni wa idara ya huduma kwenye kampuni iliyowauzia lori. Huu ni mwezi wa nne tunamtafuta bwana Sufiani." Akanieleza kwamba injini za toleo lile zilitoka na kasoro, kile kifuniko cha injini kinapinda kikipata moto, kwa hiyo hata ukibadilisha gasketi mara kumi itavuja tu, na kwamba wameyaita malori yote yarudi wayatengeneze bure. Akasema, "Asiliendeshe kabisa mpaka tulione." Nikakaa chini kwenye korido, watu wakadhani nimefiwa.

Sasa Baba Maryamu yuko nyumbani, na Hussein anasema wiki ijayo wanampeleka Mwinjuma polisi, na Baba Maryamu amekubali. Nikisema, ndoa imekwisha na shemeji zangu wataniondoa kwenye nyumba hii. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anafungwa. Nimeacha namba yangu hapa chini. Nifanye nini?

Zamda, Handeni

MAMA IKRAM ANAJIBU

Marahaba, Zamda. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nilipomaliza sikuandika jibu, nilishika simu. Wasomaji wangu wanajua huwa sifanyi hivyo. Lakini kwenye barua yako kuna mtu umemtaja mara moja tu, ukampita kama ulivyokipita kitanda cha mumeo, na mimi sikuweza kumpita.

Nilikuuliza, "Zamda, Adamu wa Mazinde yuko wapi?"

Ukasema, "Adamu? Yupo tu mama, juzi alipita kumwona mgonjwa."

"Alipita na nini?"

 Ukasema kwa sauti ndogo kwamba alipita na lori, na nyuma alikuwa amepakia wafanyakazi wa mkonge. Injini ileile, ya siku ileile. Wiki tano umelia kwa ajili ya mumeo, ndoa yako na Mwinjuma, na wiki zote hizo Adamu alikuwa anawasha gari kila asubuhi anabeba watu, na ni wewe peke yako Handeni nzima uliyejua lina nini. Nilikusikia ukipiga yowe. Sikukubembeleza, nilikwambia kata simu hii umpigie sasa hivi, asimame popote alipo, azime, wala asiguse rejeta.

Kumpigia ulimpigia, na kwa hilo nakushukuru mbele ya wasomaji. Alisimama Mombo. Kumbe na yeye alikuwa amebadilisha laini, ndiyo maana Alisha hakumpata. Akawapigia mwenyewe waliowauzia malori, mafundi wa kampuni wakafika siku ya pili, wakafungua, wakakuta maji yameshaanza kuingia kwenye oili. Adamu alikaa chini pale pale barabarani, ukaniambia, akashindwa hata kunywa maji aliyopewa.

Sasa tuje kwako. Zile simu za kwanza na meseji mbili ulizozifuta bila kusoma, ulifanya kwa kidonda, na kidonda hicho hukujitia mwenyewe. Sufiani ndiye aliyekwenda Mombo. Nakuonea huruma kwa hilo, na wanawake wengi wanaosoma hapa wanakuelewa bila kuambiwa. Lakini ile ya tatu, mwanangu, hukuifuta kwa wivu. Uliisoma, ukaielewa, ukaifuta ili usionekane. Na pale gereji, ulipomsikia fundi akisema maneno yaleyale uliyoyaona kwenye simu, ulikuwa na nafasi nyingine, ukashika hotipoti. Hapo sikutetei.

Usijibebeshe yote pia. Kasoro ya injini ni ya waliotengeneza. Kampuni inayojua gari lake litamuunguza mtu haitakiwi kuridhika na simu isiyopokelewa. Njia za kumfikia mwenye lori Handeni zipo. Na mumeo naye alifungua rejeta ya moto na akamcheka fundi wake. Haya yote ni kweli, ila siku unayokiri lako usiende kumhesabia yake.

Nilikwambia sitachapisha barua hii mpaka Sufiani ayasikie kutoka kinywani mwako. Majina nimeyabadili, lakini Handeni mnajuana, na sikutaka asomewe gazetini na jirani. Jumatano ukanitumia ujumbe, na kwa ruhusa yako nauweka hapa kama ulivyo:

"Nimemwambia mama. Nimemwambia na ya meseji ya tatu. Hakunipiga hakupiga kelele. Alisema kwahiyo Mwinjuma alikuwa anasema kweli. Basi akageukia ukutani. Leo siku ya pili hajaongea na mimi, anaomba dawa tu."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Mtu aliyeungua uso, kitu cha kwanza alichokiona ni mtu mwingine aliyeonewa. Mume huyo usimkatie tamaa. Lakini pia usimfukuzie msamaha. Usimwamshe kumuuliza kama bado ana hasira, usimtume Maryamu akamlainishe, usilie mbele yake ili akubembeleze yeye mwenye bandeji. Mpe dawa kwa saa zake. Siku akitaka kupiga kelele, kaa umsikilize mpaka amalize. Akisema uende kwenu kwa muda, nenda, na uwaeleze wa kwenu ukweli uleule uliomweleza yeye, usiupunguze njiani.

Hussein umwambie leo. Usisubiri Sufiani amwambie, hana nguvu na kosa si lake. Mwambie akiwa na wenzake aliokwenda nao gereji, na ukiogopa kwenda peke yako mchukue mjumbe wa mtaa. Hakuna kwenda polisi. Atafoka, atakutaja majina. Muache afoke, akimaliza mwambie saa ngapi mnaondoka kwenda Kwamsisi.

Mpigie Alisha, mpe namba ya chesisi ya lori na namba ya Sufiani anayotembea nayo. Mwambie mume wako ameungua na jicho limeumia, na uombe majibu yao kwa maandishi. Tunzeni karatasi zote za hospitali na risiti ya ile gasketi, Pritesh anaweza kuwatolea nakala. Wakileta fomu yoyote ya kusaini, msisaini mpaka aisome mtu wa msaada wa kisheria. Ulizeni ofisi ya wilaya, watawaelekeza. Na hospitali muombe barua ya kumpeleka kwa daktari bingwa wa macho. Daktari alikwambia linaona mwanga, hakukwambia halitibiki. Wiki hii, usiahirishe.

Mwinjuma. Mtamfuata Kwamsisi wewe, Hussein na kila aliyeshika lile boksi, mtamkuta shambani, na mtamwomba arudi Handeni siku ya mnada, watu wakiwa wengi kama walivyokuwa wengi siku anatukanwa. Hapo mbele ya gereji yake utasema ulichofanya. Najua unachowaza, kwamba mji mzima utakujua. Ndiyo, utakujua. Mji mzima unamjua yeye kama muuaji kwa kosa ambalo hakulifanya, na anaamka nalo kila siku akishika jembe la mtu mwingine. Mkewe umtembelee peke yako, siku nyingine, bila shemeji wala zawadi.

Usiandike karatasi ya kusoma na usimtume mtu akusemee. Na siku hiyo ya mnada usianze na simu, wala na Alisha, wala na Mombo, maana hayo watu watayashika wakacheke nayo, na Mwinjuma atabaki amesimama palepale. Sema jina lake kwanza, useme hakukosea, kisha neno linalofuata liwe "mimi".