Gauni Alilolifupisha Bwana Ndaki

Katoro,
siku ya pili baada ya mnada

Dada yangu Kabula,

Shikamoo Dada. Barua hii ikikufikia, kaa chini kwanza, maana nina mengi na sitaki uyasome huku unasonga ugali. Masanja na wadogo zake hawajambo? Goti la Baba linaendeleaje? Pamba mmeshavuna au bado mnasubiri magunia? Mimi huku mhola, salama kabisa, nakula, nalala, na cherehani yangu inazunguka. Kilichokuwa kinaniumiza ni hasira, nayo tangu juzi imetulia. Soma utajua kwa nini.

Barua yako niliipata, nikaisomea palepale barazani ninaposhonea, nikalia mbele ya wateja. Eti Baba amesema nisikanyage tena huko nyumbani Mhunze, kwamba hana binti anayetembea uchi sokoni. Na aliyempelekea habari hizo ni Shigela, yule utingo wa lori la pamba. Haya. Shigela alikuwepo siku ile, sikatai. Lakini alikuwa kule juu ya lori anatafuna muwa. Alisikia vicheko, gauni hakuliona. Sasa nakuandikia ilivyokuwa, na ninakuomba umsomee Baba yote, usiruke hata pale penye aibu yangu.

Gauni lenyewe unalijua. Ni lile lako la maua mekundu, ulilonivalisha asubuhi naondoka, ukasema nisiende ugenini kama yatima. Nimelivaa mpaka watu hapa wakawa wananijua kwalo. Kumbe siku moja nalipiga pasi, kaa la moto likaruka kutoka kwenye pasi, likaunguza pindo. Nikakata palipoungua, nikapinda upya. Likaja magotini. Magotini, Dada, siyo juu ya magoti! Hata padri angenipa komunyo nimelivaa.

Sasa hapa tuna kiongozi wa vijana anaitwa Ndaki. Tangu yatangazwe mambo ya mavazi ya heshima, kazi yake ni kuzunguka na mkasi mfukoni. Wavulana anawapitishia chupa ya soda ndani ya mguu wa suruali. Isipopita, anaichana suruali hapohapo. Wanawake hawapimi kwa kitu chochote. Anakutazama tu, halafu anaamua.

Siku ya mnada akanikuta nanunua dagaa.

"Wewe fundi, hilo ni gauni gani?"

"La dada yangu, Bwana Ndaki."

"Fupi."

"Linafika magotini. Pima."

"Unapenda nguo fupi? Ngoja nikusaidie."

Vijana wake wakanishika mikono, huyu huku na huyu huku. Ndaki akachuchumaa, akakata pindo lote kuzunguka, taratibu, kama mtu anayekata keki ya harusi. Upana wa kiganja kizima ukaondoka. Sasa ndipo likawa fupi, Dada! Aliyelifupisha ni yeye, na aibu akanivika mimi. Watu wakacheka, wengine ni watu niliowashonea nguo za ubatizo wa watoto wao. Muuza dagaa, Mama Lwiza, ndiye aliyefungua khanga yake akanifunga kiunoni. Na kile kipande cha maua Ndaki akakifunga kwenye usukani wa baiskeli yake, akawa anazunguka nacho mjini kama bendera.

Wateja wakanikimbia. Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akasema mume wake hataki nguo zake zipite mikononi mwangu. Nikaapa. Nikasema, Ndaki, ipo siku utanijua mimi ni nani.

Siku ikaja yenyewe kwa miguu yake. Sherehe ya vijana hapa mjini ilikuwa karibu, mgeni mkubwa anakuja kutoka wilayani, na Ndaki ndiye wa kuongoza gwaride. Mzee Athumani, anayeshona nguo za wakubwa, alikuwa kwao Tabora msibani. Basi namwona Ndaki huyo, kakumbatia kaki mpya aliyoipata kwa kibali, wakati sisi wengine hata kaniki hatuioni dukani.

"Suruali moja na shati," akasema, hata salamu hakuna. "Na isiwe kama vitu vyako."

"Itakuwa nzuri, Bwana Ndaki. Vipande vitakavyobaki nikurudishie?"

Akacheka, akawageukia watu waliokaa barazani. "Vipande ni vya fundi. Chukua, urefushie magauni yako."

Mama Lwiza alikuwepo, alisikia. Wote walisikia.

Dada, wewe ulinifundisha mwenyewe kushona. Kaki mpya ya pamba usipoilowesha, huikati. Unailaza kwenye maji usiku mzima, unaianika kivulini, unaipiga pasi, ndipo unashika mkasi. Ukiikata kavu, siku ya kwanza ikiguswa na maji inarudi, inafupika. Na hata ikisharudi, fundi mwenye roho nzuri anakuwa amekunja pindo nene kule chini, mteja akija anamfungulia. Mimi kaki ya Ndaki sikuilowesha hata tone. Pindo nikalikunja jembamba kama uzi wa kiatu. Nilikuwa nashona huku naimba, mpaka Mama Lwiza akaniuliza nimepata mchumba.

Alipokuja kujaribu, ikamkaa vizuri kabisa, inagusa kiatu. Akajigeuzageuza. Nikamwambia kwa heshima zote, "Mwambie shemeji aifue kwanza kwa maji ya moto utoke ule wanga wa kiwandani. Ukiivaa hivihivi itakuwasha kwenye gwaride." Akaondoka ameridhika.

Mke wake akaichemsha. Nakwambia akaichemsha!

Siku ya sherehe nilienda mapema nikasimama mbele. Ndaki huyo anakuja, mguu juu, mguu chini, suruali imekomea katikati ya muundi, soksi zote nje, na soksi zenyewe siyo pacha. Akawa anainama kuivuta, ikipanda nyuma, anasahau hatua. Kijana mmoja aliyewahi kuchaniwa suruali akapaza sauti, "Mleteeni chupa ya soda!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgeni naye alijifuta mdomo kwa leso muda mrefu. Nilisikia raha, Dada. Sikuona huruma hata kidogo, na ukiniuliza leo bado sioni.

Nilijua atakuja. Juzi, siku ya mnada, nikakaa kwenye cherehani tangu asubuhi, khanga nimeifunga kiunoni mpaka chini. Lori la pamba lilikuwa limesimama jirani, nikamwita Shigela aje anywe uji. Ndaki akafika, suruali kwapani.

"Fundi, irefushe. Wakubwa wanataka niivae tena wiki ijayo."

"Tutazungumza habari ya suruali. Kwanza zungumza habari ya gauni. Siku ile lilinifika wapi?"

Akatazama huku na huku. Watu walikuwa wameshaanza kusogea.

"Magotini," akasema polepole.

"Shigela hajasikia."

"Lilifika magotini! Halikuwa na ubaya. Nililifupisha mimi. Basi, irefushe sasa. Una vipande vya kaki yangu."

"Ulisema vipande ni vya fundi."

"Ndiyo, lakini vipo?"

"Vipo."

Nikasimama, nikafungua khanga. Nilikuwa nimelivaa gauni lako, Dada. Kuanzia maua yanapokatika, kaki ya Ndaki imeshuka kuzunguka gauni zima, imepigwa pasi, imevuka magoti vizuri mpaka kwenye miundi. Mama Lwiza alipiga vigelegele mpaka dagaa wake wakamwagika. Ndaki alilitazama lile pindo, akaitazama suruali yake, akairudisha kwapani, akaondoka. Baiskeli yake haina kipande cha maua tena.

Barua hii nimempa Shigela mwenyewe ailete. Kabla hujamsomea Baba, mpeleke Shigela kwake, aseme kwa mdomo wake alichokisikia. Asiposema, niandikie. Suruali zake nazo ni mimi ninayemshonea.

Nisalimie Mama sana, mwambie nimemwekea kitenge. Nisalimie shemeji yangu, baba Masanja, na shangazi Mbuke aliyenifundisha kuwasha pasi. Kulwa na Doto, mapacha wa kaka, wabusu wote wawili wasigombane.

Nakuja mkimaliza kuuza pamba, nami nitashuka kwenye lori nikiwa nimevaa gauni hilohilo. Mwambie Baba asinitazame usoni kwanza. Aanze kwenye pindo, halafu apandishe macho taratibu mpaka aone binti yake.

Mdogo wako asiyesahau mema wala mabaya,
Nyamizi, fundi wa Katoro