Kilo Sita za Shaba

Baba Dogo
4 Februari 2024

Mukami binti yangu,

Hujambo? Baridi ya Eldoret imekuachia kifua, au bado unakohoa? Sisi wazima. Mama yako anasema ule vizuri, usiishi kwa chai.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu haya si ya kusemwa kwa simu mama yako akiwa karibu. Unamkumbuka Zedekiah wa mlango wa tatu, tunayevuta naye nyaya za shaba kule karakana ya Industrial Area? Alhamisi alipigwa. Msimamizi wetu, Mbuthia, alipima unene wa waya kwenye ncha ya nje ya roli moja ya waya uliokunjwa, akakokotoa kwa urefu wa mita elfu mbili, akapata kilo sitini na nane. Mnunuzi akaiweka roli kwenye mizani yake, ikasoma sitini na mbili. Zedekiah ndiye aliyeikunja na kuifunga. Mbuthia akapaza sauti, "Mwizi wa shaba ndiye huyu!" Watu wakamwangukia kwa mateke na paipu pale getini, saa nne asubuhi. Taya lilipovunjika lilisikika. Alikuwa anatema meno huku akisema, "Nipekueni. Nipekueni tu." Hakuna aliyempekua. Yuko hospitali, hajafungua macho.

Roli imerudishwa. Wewe unasoma hesabu za mambo haya. Kilo sita zinaweza kupotea vipi?

Ni mimi baba yako,
Mbugua

Eldoret
12 Februari 2024

Baba yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Kikohozi kimekwisha. Barua yako nimeisoma. Zedekiah ndiye aliyenibeba mgongoni hadi kliniki nilipokanyaga msumari.

Baba, Mbuthia alipima mahali pamoja tu. Hesabu yake ni sawa ikiwa unene haubadiliki popote. Lakini wewe mwenyewe uliniambia kwamba kile chuma chenye tundu mnachopitishia shaba iwe waya kimelika, tundu linazidi kupanuka. Basi waya uliotoka kwanza ni mwembamba, wa mwisho, ule wa nje alikopima, ni mnene. Kwa waya kama huo kuna hesabu tunayofundishwa, inaitwa intigro ya mstari. Unaufuata waya na mizunguko yake yote, na kila kipande kidogo unakipa uzito wake wa mahali pale pale, kisha unajumlisha vyote.

Nipimie kila baada ya mita mia mbili, toka ndani hadi nje.

Na ulikuwa wapi wakimpiga?

Mwanao,
Mukami

Baba Dogo
26 Februari 2024

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Hapa hatujambo, ila Zedekiah bado vile vile. Mkewe, Nthoki, analala kwenye benchi la wodi.

Nilingoja Mbuthia atoke, nikaikunjua roli. Ndani kabisa ni milimita mbili kamili. Nje ni mbili nukta mbili. Hapo katikati unene unapanda polepole, sawasawa. Vipimo vyote kumi na kimoja viko nyuma ya karatasi hii. Urefu ni mita elfu mbili, haujapungua.

Fanya haraka.

Baba yako

Eldoret
2 Machi 2024

Baba,

Salamu. Nimefanya hesabu mara tatu, nikampa na mwalimu wangu akaifanya peke yake. Sote tumepata kilo sitini na mbili na ushee.

Sitini na nane haikuwahi kuwepo. Hakuna shaba iliyoibwa, Baba. Hata gramu.

Swali langu hukulijibu.

Mukami

Rumande, Nairobi
14 Aprili 2024

Mukami,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali yako, lakini nauliza. Mimi napumua kwa shida, mbavu tatu zimevunjika.

Zedekiah alikufa tarehe sita Machi. Siku iliyofuata niliisoma barua yako karakanani mbele ya watu wote. Mbuthia akaipokonya, akanipiga ngumi ya mdomo. Hapo wale wale waliompiga Zedekiah wakamgeukia yeye, na paipu zile zile. Walimvunja mkono, wakampasua kichwa hadi mfupa ukaonekana. Mmoja akaleta petroli. Nikamlalia Mbuthia. Si kwa kumpenda. Niliona tu kwamba tukishamuua, tutakwenda nyumbani tukajiona tumemaliza. Wakanipiga mimi hadi polisi walipofika.

Askari akauliza nani alimuua Zedekiah. Nikasema, "Andika Mbugua."

Uliuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa mbele. Paipu yangu ya kwanza ilimpata begani. Ya pili ndiyo iliyovunja taya. Aliniangalia akasema, "Mbugua, hata wewe?" Nami nikainua tena.

Baba yako

Baba Dogo
27 Aprili 2024

Baba,

Nimefika nyumbani. Mama hataki kusikia jina lako, lakini amekufungia sweta, nitalileta.

Nilikwenda kwa Nthoki na daftari langu. Nikamchorea waya, nikamwonyesha unavyonenepa, nikajumlisha mbele yake. Akauliza, "Kwa hivyo hakuiba?"

"Hakuiba, Mama."

Akanishika mkono, akanitoa nje, akawaita majirani wa milango yote ya ploti. Waliokuwa wakifua wakaacha kufua. "Rudia," akaniambia. Nikarudia, nikilia. Akasema, "Kwa sauti." Nikapaza.

Kisha nikamwambia nitakuja kukuona. Nilidhani atanifukuza. Alifunga daftari langu, akasema, "Mwambie sijamsamehe, wala asinitumie mtu wa kuniomba. Lakini kortini nitakaa mbele. Wote walioinua mkono siku ile anawajua. Awataje mmoja mmoja, nikisikia. Aanze na jina lake."

Nitakuja Jumanne.

Mwanao,
Mukami