Viatu Vyeupe Sandukuni

Wasichana,

Nakimbilia mtaa wa Al Sadd kumpa Tony sanduku la nguo, anapanda ndege leo kurudi nyumbani. Jumapili kina mama wa sinagogi letu kule Mbale wanawagawia wajane.

Chelsea, anua nguo. Wali mniachie, kesho ni Sabato, sipiki.

Fiona, asubuhi nilikuita bahili mbele ya wenzako, eti hukutoa hata leso. Sasa nafunga sanduku, kumbe chini kabisa kuna viatu vyeupe vya manesi, vipya, bila jina.

~~Fiona, asante sana mwanangu~~

Hapana. Kwetu anayetoa kwa siri hatafutwi, kwa hiyo simjui. Ila paja la kuku ni lako. Usiniulize sababu, nami sitakuuliza kwa nini umeenda kazini na viatu vilivyotoboka.

Shangazi Nafula