Niliosha Mara Tatu Kama Ulivyosema

Mama Mshauri, shikamoo. Kwanza unisamehe kwa kukawia kukuandikia, wiki tano zimepita tangu jambo lenyewe litokee na karatasi hii nimeianza mara nne, mara mtoto analia, mara naona aibu naikunja.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mdogo ana miezi minane, niliishia darasa la saba, tunaishi upande wa Basotu jirani na shamba la ngano la serikali. Mwaka jana mwalimu mkuu aliniomba nifundishe darasa la sita mambo ya nyumbani kila Alhamisi, wavulana kwa wasichana, kushona kifungo, kupika uji, kumwogesha mtoto, na mtoto wa kufundishia alikuwa wangu mwenyewe maana nilikuwa nakuja naye mgongoni. Walipenda. Mvulana mmoja, Gidahosh, aliunguza uji mpaka mwiko ukasimama wenyewe, wenzake wakamwambia, "Mkeo atakufa njaa, lakini taratibu," akacheka nao, na Alhamisi iliyofuata akarudia ukatoka mzuri.

Sasa siku moja nilifundisha kwamba nafaka yenye vumbi huoshwa mara tatu, mpaka maji yatoke meupe, ndipo ianikwe na kusagwa, nikawaandikisha na kwenye daftari. Kuna msichana, nitamwita Hilaria ingawa si jina lake, baba yake anapanga magunia ghalani huko shambani, na baba huyo alileta nyumbani ngano ya mbegu, ile iliyopakwa dawa, ina rangi ya waridi. Hilaria akaiosha, akaianika, akaisaga, akawapikia wadogo zake uji. Watoto watatu walitapika hadi wakashindwa kusimama, wakalazwa siku nne. Wameruhusiwa, namshukuru Mungu. Nilipokwenda kuwaona Hilaria alinishika kanga akasema, "Mwalimu, niliosha mara tatu kama ulivyosema. Maji ya tatu yalikuwa meupe kabisa." Tangu siku hiyo hashiki sufuria.

Kijijini wanasema ni maziwa yaliyoharibika, hata zahanati waliambiwa hivyo, na mimi sijawasahihisha, kwa sababu baba yake alinifuata kisimani akasema, "Mwalimu, ukisema ni mbegu umesema ni mimi. Nikifukuzwa, hao watoto unaowaonea huruma utawalisha wewe?" Nikajitwika ndoo nikaondoka. Mwalimu mkuu naye aliposikia mpishi ni mwanafunzi wangu alifuta kipindi, Alhamisi sasa wanapalilia bustani ya shule. Na juma lililopita nimepita kwa jirani nikaona ngano ya rangi ileile imeanikwa mkekani, akanikaribisha, nami nikasema, "Ngano nzuri, mama," nikapita zangu.

Nikisema nimemtoa mtu kazini, nikinyamaza sijui. Ninachohitaji ni hiki: jibu lako, picha kubwa ya alama ya sumu ya kubandika ukutani, maelezo ya dawa ya mbegu kwa Kiswahili, maana kwenye gunia yote ni Kiingereza, na barua ya kumwonyesha mwalimu mkuu ili Alhamisi yangu irudi.

Mama wa Wawili, Hanang

*

Marahaba, Mama wa Wawili. Jibu hili nilikupelekea kwa basi siku ileile niliyosoma barua yako. Naliweka gazetini kwa kuwa mbegu hiyo haiko nyumba moja tu.

Umechoka, una mtoto mgongoni, na ulifundisha kwa moyo. Hayo nayaona. Lakini "ngano nzuri, mama"! Maneno matatu, na nyumba nzima ingeweza kulazwa. Kumwogopa baba wa Hilaria naelewa. Jirani alikuwa amekukaribisha, nini kilikuzuia?

Anza naye huyo. Mwambie ngano ya rangi ya waridi au nyekundu ni ya kupanda tu, dawa haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, maji meupe si dalili ya usalama. Kuku wasipewe, na gunia lake lisiwekewe unga. Aliyekwisha kuila apelekwe zahanati sasa hivi, na punje zipelekwe zikaonwe.

Ukitoka hapo nenda kwa mganga wa zahanati, mwambie kweli kuhusu wale watatu, awapime tena. Mwombe aitishe mkutano awatangazie watu wote habari ya mbegu, na wewe umsaidie. Mtataja rangi. Jina la mtu halimsaidii mpishi yeyote, liacheni. Baba wa Hilaria umtangulie kwa taarifa, asisikie mkutanoni. Akikuuliza atakula nini, mjibu kwamba kazi yake huiombei mabaya, ila watoto wake wamekwisha kuilipia mbegu hiyo. Iliyobaki airudishe, au aifukie mbali na kisima.

Kwenye bahasha nimetia picha ya alama ya sumu. Nyuma yake nimeandika maelezo ya dawa kwa Kiswahili, kwa mkono wangu. Barua ya mwalimu mkuu sikuandika. Utakwenda mwenyewe, umweleze yote uliyonieleza mimi, na umwombe Alhamisi moja.

Siku hiyo weka mezani ngano ya kula, ngano ya mbegu na beseni. Ioshe ile ya mbegu mbele yao kwa kuikoroga na kijiti, usiishike, mara tatu, wayaone maji yakiwa meupe. Kisha toka nao mkaifukie pamoja na maji yake. Hilaria akae dawati la mbele, na darasa zima likusikie ukisema kwamba yeye alifuata somo, aliyekosea ni mwalimu.

Lakini kwa jirani usisubiri Alhamisi. Weka karatasi hii chini, mfunge mtoto mgongoni, nenda.